Wa Mbali Anyweshe Kwanza

Kituo cha kuchajia magari pale kwetu Bariadi, barabara ya kutokea kwenda Lamadi, siku hizi kina nguzo tatu, paa la bati la bluu na kioo kinachoandika namba chenyewe. Unafika, unachomeka, unabonyeza simu, unapandisha vioo, unawasha kiyoyozi, unasubiri. Jirani yako naye kapandisha vya kwake. Mnaweza kukaa hatua mbili mbali kwa saa nzima msijuane hata sauti. Wanasema ni maendeleo, na mimi sibishani na maendeleo kwa sababu nayatumia. Ila nikikaa mle ndani peke yangu, moyo unanirudisha kwenye kituo kile cha mwanzo, na naona wivu. Namwonea wivu mtu niliyekuwa wakati ule, ambaye hakujua ana bahati.

Nguzo ilikuwa moja tu, nyuma ya ghala la mfanyabiashara mmoja wa saruji na nondo. Ilikuwa na nyaya mbili, lakini mmoja ulikufa wiki ya kwanza na haukufufuka tena. Tajiri yule aliiweka kwa sababu aliambiwa magari ya umeme yanakuja Simiyu. Kweli yalikuja, yakawa mawili: langu na la mzee mmoja. Zaidi ya hapo zilikuwepo bajaji za umeme sita au saba, na hizo zilikuwa na utaratibu wao. Jioni za katikati ya wiki kituo kilikuwa chao, na Ijumaa ndiyo usiseme, maana Jumamosi ni siku ya gulio na kila mwenye bajaji alitaka iamke imeshiba. Jumamosi asubuhi, zikiwa zote barabarani zinabeba magunia na akina mama, kituo kilibaki mikononi mwetu sisi wawili.

Gari langu lilikuwa dogo, jeupe, lililokwisha kutumika Japani mpaka likachoka, ndipo likaja kwangu. Kila asubuhi nikiliwasha, mwanamke aliyekaa ndani ya redio alinisemesha Kijapani kwa adabu, nami nikamjibu "Mwangaluka," kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Wanafunzi wangu waliliita Pasi: ni jeupe, halina mlio, na linachomekwa ukutani. Mimi hufundisha hesabu, sina muda wa kukasirikia majina. Nyumbani sikuweza kulichaji. Nilikuwa nimepanga, Luku ni moja ya wapangaji wanne, na usiku wa kwanza nilipojaribu, soketi ilitoa moshi. Mwenye nyumba alitoka na bukta, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwalimu, chagua. Gari lako au nyumba yangu." Nikachagua nyumba yake.

Basi kila Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa pale kwenye nguzo, na haraka yangu ilikuwa na sababu. Mama yangu alikuwa Mwamanyili, kwa kaka yangu, na akili yake ilikuwa imeanza kutoka kidogo kidogo. Haikutoka yote kwa pamoja. Asubuhi ilikuwepo, na jua lilivyopanda nayo ikayeyuka. Nikifika kabla ya saa sita, namkuta mama yangu. Nikifika baada ya saa sita, namkuta bibi mmoja mpole anayenikaribisha nyumbani kwake na kuniuliza nimetokea wapi na safari yangu ni ya wapi.

Nilikuwa na kipimo cha kujua nimemkuta yupi, nacho kilikuwa silabi moja. Kwa Kisukuma, mkubwa akimsalimia mtoto wake asubuhi husema, "Wangaluka." Akimsalimia mtu wa heshima, au mgeni asiyemfahamu, husema, "Mwangaluka." Tofauti ni mdomo kufumba kidogo pale mwanzoni, basi. Mama, hata akili ilivyochanganyika, adabu haikumtoka. Hakuwahi kumvunjia mgeni heshima. Kwa hiyo nikishuka kwenye gari na kupiga magoti mbele ya kiti chake, nilikuwa nasikiliza mdomo wake. Akisema Wangaluka, mimi ni mtoto wake, na tuna saa moja au mbili za kuzungumza, za kuchekana, za kunisema kwamba nimekonda na kwamba walimu wa siku hizi hawali. Alasiri ikifika inakuwa "Mwadila, mayu," salamu ya mchana kwa mwanamke wa kuheshimiwa, na nimeshakuwa mgeni. Ndiyo maana nilitaka betri ijae mapema. Sikuwa nahesabu umeme, nilikuwa nahesabu saa za mama.

Mzee niliyechangia naye nguzo alikuwa fundi mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba. Vidole viwili vya mkono wa kushoto viliachwa huko kiwandani, na vilivyobaki alivitumia kutengeneza pampu za maji na mashine za kusaga kwenye kibanda chake mjini. Gari alitumiwa na mwanawe wa Dar es Salaam. Mwanzoni hakuliamini. Alisema mashine isiyolia huwezi kujua kama inaumwa, na kwamba ng'ombe mkimya ndiye wa kumchunguza. Alilizunguka asubuhi zote, akaligonga hapa na pale, akaweka sikio kwenye boneti. Nyumbani kwake pale mjini alikuwa na sola ya taa tatu, haiwezi kulisha gari, kwa hiyo naye akawa mtu wa nguzo.

Jumamosi yetu ya kwanza alikuwa amefika kabla yangu na alikuwa na waya mkononi. Tulisalimiana. Akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia Mwamanyili. Yeye alikuwa anakwenda Dutwa, kwa mkewe, ambako ni karibu tu, hata robo ya safari yangu haifiki. Akautazama waya, akanipa.

"Wa mbali anyweshe kwanza," akasema.

Nilidhani ni utani. Akanieleza kwamba kwao, alikokulia, kiangazi maji yalitafutwa ndani ya mchanga wa mto. Mnachimba kisima, mnateka kwa kibuyu, mnajaza birika la udongo, ng'ombe wananywa kwa zamu. Na zamu haikuwa ya aliyewahi kufika. Aliyetoka mbali ndiye aliyenywesha kwanza, kwa sababu ng'ombe wake wana njia ndefu ya kurudi. Wa karibu alisubiri hata kama alikuwa wa kwanza kuchimba. "Wa karibu akinywesha kwanza, watu hawamwambii kitu," alisema. "Ila akifiwa na ng'ombe, hasaidiwi kuchuna."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumamosi mimi nilinywesha kwanza, yeye baadaye. Neno lenyewe likasambaa, wenye bajaji wakalichukua, na mpaka leo ukipita Bariadi utamsikia kijana anamwambia abiria, "Subiri kidogo shangazi, nimetoka kunywesha sasa hivi." Hawajui lilitoka kwa nani. Mimi najua, na huwa natamani kusimamisha bajaji nimweleze.

Kuchaji kulichukua zaidi ya saa nzima, na saa hiyo tuliikalia kwenye benchi la mama mmoja wa chapati aliyekuwa na jiko lake ubavuni mwa ghala. Mama yule alikuwa na ulimi wa pilipili. Alituita "wachunga magari." Akituona tumekaa alituuliza mifugo yetu imeamkaje, na kama mwaka huu itazaa. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kukufanya ukohoe dhambi zako. Mzee alikunywa vikombe viwili, vya polepole, na kati ya kikombe na kikombe alizungumza.

Kwake nilijifunza upya kusalimia. Nasema upya kwa sababu nilifundishwa utotoni nikasahau, mji na kengele za shule vilinifanya niwe mtu wa "habari, nzuri, haya tuendelee." Mzee hakuwa hivyo. Ukimuuliza, "Mhola?" atajibu, "Mhola duhu," yaani salama tu, hata kama nyumba inaungua. Hiyo ya kwanza ni heshima. Humtupii mtu shida zako kabla hajaketi. Unajibu salama, unauliza ya kwake, naye anajibu salama, mnauliza mvua, mnauliza watoto, kisha aliyeuliza kwanza anauliza mara ya pili, "Na nyumbani, mhola?" Hapo ndipo mlango unafunguliwa. Jumamosi moja tulisalimiana vizuri kabisa, mhola duhu ya kwanza, tukazungumzia bei ya mbegu za pamba na mvua za vuli, na nilipomuuliza mara ya pili akasema kwa utulivu, "Nyumbani upepo umeezua jiko, bati zimekutwa kwa jirani." Nikamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akashangaa. "Ulikuwa hujaniuliza," akasema.

Nilicheka hadi chai ikanipalia, na mama wa chapati akanipiga mgongoni kwa kijiko cha mbao.

Na mimi nilimweleza mambo yangu. Nilimweleza habari za mama na silabi yake. Hakunipa pole za haraka haraka. Alikaa akaizungusha midomoni, "Wangaluka, Mwangaluka," kama fundi anayejaribu nati, halafu akasema, "Kumbe unakimbilia herufi." Tangu siku hiyo, kila Jumamosi jambo lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Juzi alikusalimiaje?" Nikisema Wangaluka, aliitikia kwa kichwa na kuagiza chapati. Nikisema nilichelewa nikapewa Mwadila, Jumamosi inayofuata nilimkuta amekwisha kuufungua waya na kuufuta vumbi, ananingoja ili nisipoteze hata dakika. Heshima si utumwa, wanasema, na kwake niliiona hivyo. Aliitoa nafasi yake kila wiki na hakuwahi kuwa mdogo kwa ajili hiyo.

Mkewe sikuwahi kumwona, lakini nilimjua kuliko ninavyowajua baadhi ya shangazi zangu. Alikataa kuhamia mjini. Alisema mjini watu hawalali, wanazima taa tu. Alikuwa na shamba la mahindi na dengu, na nyonga iliyomsumbua tangu aanguke kisimani, kwa hiyo boda alikuwa hapandi kamwe. Mzee alimpelekea mkate wa mjini na dawa zake za presha, wakala pamoja mchana, akarudi jioni. Walikuwa wameoana miaka zaidi ya arobaini na bado alipokaribia kuondoka alijitazama kwenye kioo cha gari na kunyoosha kola. Mama wa chapati alimtania kwamba anakwenda kuposa. "Kila Jumamosi naposa," alijibu, "na bado hajanikubali vizuri."

Mwaka mzima na zaidi tuliishi hivyo, na kwa kweli kilikuwa kipindi kizuri cha maisha yangu, ingawa wakati ule nililalamika kila siku kwamba nguzo ni moja.

Kisha ikaja Jumamosi ninayotaka kuisema.

Umeme ulikatika Ijumaa usiku, bajaji zikiwa zimeshashiba, ukalala nje hadi asubuhi. Asubuhi nilikaa nyumbani natazama balbu kama mtu anayemngoja mkaguzi. Ilipofika saa mbili na kitu taa ikawaka. Nikaondoka mbio, na betri ina kidogo mno, nikafika kwenye nguzo saa mbili na nusu. Gari la mzee lilikuwa limeshachomekwa. Yeye alikuwa amesimama kando yake, hakuwa benchini, na mkononi alishika simu yake ndogo, anaigeuza geuza.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Wakati ananijibu nilikuwa nimeshaitazama saa. Nikipata saa moja ya umeme, nitaondoka saa tatu na nusu, nitakuwa Mwamanyili kabla ya saa tano. Nikingoja amalize yeye kwanza, saa sita itanikuta njiani. Ndivyo nilivyohesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu. Nikacheka, nikasema kwa ule utani wetu, "Vipi leo, baba? Siku hizi wa karibu ndio wanaonywesha kwanza?"

Uso wake ulibadilika kidogo. Nilidhani ameona aibu, na Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba utani umefika. Alichomoa waya wake palepale.

"Hapana," akasema. "Nywesha, mayu. Mama anakungoja."

Nikamwambia wabeja, yaani asante, nikachomeka. Sikukaa benchini. Nilikuwa na karatasi za mtihani za kidato cha pili, nikaona nitumie muda vizuri, nikajifungia ndani ya gari nikazisahihisha. Nilisahihisha karatasi ishirini na moja. Yeye alisimama upande wa pili, baadaye akachuchumaa kwenye kivuli cha ghala. Mara moja alikuja akasimama karibu na dirisha langu, nikainua kichwa, akatabasamu, akarudi. Nilidhani anatazama imebaki kiasi gani. Kuna swali moja nilitakiwa kumuuliza, la mara ya pili, ambalo kila mtoto wa Kisukuma analijua, na mimi niliyefundishwa mara mbili sikumuuliza. Saa tatu na nusu nilichomoa, nikampungia mkono. "Msalimie mama," akasema.

Niliendesha Pasi kama mwizi. Nilipita Dutwa bila kuangalia pembeni. Saa tano kasoro dakika kumi nilikuwa uani kwa kaka yangu Mwamanyili, na mama alikuwa amekaa mahali pake, ameoga, kitenge kimefungwa vizuri, amegeukia jua. Nikapiga magoti.

Akanitazama kwa upole sana.

"Mwangaluka, mayu," akasema. "Karibu. Umetokea wapi?"

Asubuhi yenyewe haikunisaidia kitu. Kaka alisema hali hii imeanza Jumatano. Siku hizi anaamka hivyo hivyo. Nilimjibu mama kwamba nimetoka Bariadi, akasema ni mbali, akaagiza niletewe maji. Nikayanywa. Nilikaa naye mchana wote kama mgeni mwema, nikamsifia kuku wake. Usiku gari likichaji taratibu kwenye soketi ya kaka, nililia, na nilikuwa na hasira, ila sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi iliyofuata niliamka na kwenda kwenye nguzo kwa mazoea, sikuwa na haraka tena. Nguzo ilikuwa wazi. Nikachomeka, nikaenda benchini nikakaa, nikamngoja mzee nimwambie. Nilitaka kumwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama wa chapati aliniletea chai, hakunitania.

"Mwalimu, hukusikia? Mzee wako amefiwa. Mke wake. Jumamosi ile ile."

Akanieleza yote, kwa sababu siku ile mzee alirudi pale jioni kuchaji gari akamweleza. Alfajiri mtu wa boda alikuwa amemletea ujumbe kutoka Dutwa kwamba mkewe hajisikii vizuri, presha imepanda, aje na gari amlete hospitali, maana boda hapandi. Gari lilikuwa tupu. Simu yake ilikuwa imezimika usiku ule usio na umeme. Akasukuma gari na vijana wawili mpaka kwenye nguzo, akangoja umeme, ukarudi, akachomeka. Ndipo nikafika mimi.

Baada ya mimi kuondoka alichaji kiasi cha kumfikisha na kumrudisha, akaenda. Dutwa alikuta nyumba imefungwa. Majirani walikuwa wamechoka kungoja, wakakodi gari ndogo, wakamleta mgonjwa Bariadi. Walipishana naye barabarani na hakuna aliyemwona mwenzake. Akageuza. Gari lilikuwa na chaji ya wasiwasi, akaliendesha polepole lisije likamzimikia. Alipofika hospitali alimkuta ameshafumba macho. Wauguzi walisema hadi dakika za mwisho alikuwa na akili zake, anauliza kama mume wake amekuja.

"Mbona hakuniambia?" nilimwuliza mama wa chapati, na sauti ilinitoka kali, kana kwamba kosa ni lake.

"Mimi nilimuuliza hivyo hivyo," akasema. "Akasema hakudhani ni ugonjwa wa kufa. Kisha akasema, mwalimu alikuwa na safari ndefu."

Nilichomoa gari kabla halijajaa. Nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikaenda Dutwa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nitamwambia nilikosea. Nitamwambia sikumuuliza mara ya pili. Nitamwambia hata hiyo saa niliyoichukua haikuniletea kitu, kwamba tulipoteza wote wawili, yeye wake na mimi wangu. Jambo la mwisho ndilo lililonichoma zaidi, na ndilo nililotamani sana kulisema, kwa sababu nilitaka mtu wa kulia naye.

Walikuwa wamezika Jumatatu. Watu walikuwa wachache, wazee wanne kwenye viti vya plastiki na akina mama jikoni, jiko lile lililoezuliwa ambalo sasa lilikuwa na bati mpya. Mzee alikaa kwenye kigoda, amevaa shati la kola, kola imelala upande mmoja. Aliponiona alinyanyuka. Nikapiga magoti kumpa pole, akanishika bega akaninyanyua, akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye gogo. Nikaletewa chai.

Tukasalimiana. Nikamuuliza, akajibu mhola duhu, na mimi nikajibu mhola duhu. Tukauliza mvua. Kisha nikamuuliza mara ya pili, polepole, na akanieleza, kwa maneno machache, yale niliyokuwa nimeshayasikia. Hakunitaja popote. Katika maelezo yake umeme ulichelewa, barabara ilikuwa na vumbi, na gari lilikuwa na chaji ndogo. Mimi sikuwemo kabisa. Alinitoa ndani ya habari ile kwa makusudi, mbele ya ndugu zake, nami nikaona kwamba nikianza kuomba radhi pale nitakuwa namrudishia mzigo alioutua ili mimi nijisikie nafuu. Nikainua kikombe, nikanywa chai.

Alikuna kile kiganja chenye vidole pungufu. Halafu akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, na alikuwa ananitazama mdomoni:

"Na wewe, mayu? Siku ile alikusalimiaje?"

Nilikuwa na jibu la kweli tayari. Nilikuwa nimelibeba kutoka Bariadi. Nikamtazama mtu yule, nikaona kwamba anauliza akiwa hajui, na kwamba analihitaji jibu hili kuliko mimi nilivyowahi kuihitaji ile silabi.

"Wangaluka," nikasema. "Aliniambia Wangaluka. Tulizungumza mpaka saa sita."

Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka.

"Afadhali," akasema. "Basi mmoja wetu aliwahi."